Nzi wa Jabali la Ukasi: Familia Moja, Spishi Moja, Safari Tatu

Insha hii inahusu familia ya nzi iitwayo Mormotomyiidae. Ni familia yenye spishi moja tu, Mormotomyia hirsuta, na kwa miaka 77, tangu 1933 hadi 2010, wataalamu wa wadudu walimjua kutoka mahali pamoja duniani: ufa katika jabali moja kwenye kilima cha Ukasi, nchini Kenya, kando ya barabara itokayo Thika kwenda Garissa. Jabali hilo lina kimo cha mita 20 hivi. Ndani ya ufa wake wanaishi popo, na chini ya popo, katika mavi yao, wanaishi nzi hawa.

Nilipoitaja mada hii kwenye semina yetu, mwenzangu mmoja aliuliza: nzi ana historia gani? Mwalimu hakumjibu, aliniachia mimi. Sikuhitaji kwenda mbali. Sisi tuliosomea Uganda tunamjua nzi mmoja mwenye historia ndefu kuliko ya watawala kadhaa tuliowakariri shuleni. Kwa Kiswahili anaitwa mbung'o, na kwa Kiganda anaitwa kivu. Nzi huyu ana sheria zilizotungwa kwa ajili yake, ana ramani, ana magavana walioandika barua juu yake, na ana visiwa vilivyoachwa bila watu kwa sababu yake. Kwa hiyo swali la mwenzangu nililigeuza. Nzi wanaweza kuwa na historia, hilo halina ubishi. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini nzi mmoja anayo tele na mwingine, aliyeishi nchi ya jirani wakati uleule na kuchunguzwa na mtu yuleyule, ana kurasa chache tu. Ndiyo, mtu yuleyule. Hapo ndipo ninapotaka kuanzia.

Lakini kwanza mdudu mwenyewe, kwa sababu wengi wetu hatujamwona hata pichani. Urefu wa mwili wake ni kama sentimita moja. Ana miguu mirefu yenye manyoya mengi, na mwili wake pia umefunikwa na manyoya, hasa wa dume. Macho yake ni madogo mno kwa nzi. Mabawa yamesinyaa yakawa vipande vyembamba kama ukanda, hayafai kuruka. Anayemwona akipanda ukutani mwa mwamba atadhani ni buibui, mpaka ahesabu miguu na kukuta ni sita. Mabuu wake hukulia katika mavi ya popo. Kuna nzi wengine wanaoishi na popo na kuwanyonya damu, na kwa sura ya mbali huyu anawafanana, lakini yeye si wa ukoo wao na hanyonyi damu.

Jina lake la kisayansi limetokana na neno la Kigiriki, mormo, zimwi la kike ambalo wayaya wa Ugiriki ya kale walilitumia kuwatisha watoto wasiotaka kutulia. Myia ni nzi. Hirsuta ni Kilatini, maana yake mwenye manyoya. Wazungumzaji wa Kiingereza wameligeuza kuwa "nzi wa kutisha mwenye manyoya", na jina hilo ndilo lililopendwa na magazeti. Mimi katika insha hii nitamwita nzi-zimwi. Nimeona ni karibu zaidi na Kigiriki chenyewe, tena sisi watu wa pande hizi tunayajua mazimwi kwa undani, hatuhitaji maelezo.

Mtu aliyempa jina hilo ni Ernest Edward Austen. Huyu aliajiriwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, mwaka 1889, akiwa kijana, na alibaki humo karibu maisha yake yote ya kazi, isipokuwa vipindi alivyokwenda vitani na safarini. Mwaka 1899 alifuatana na Ronald Ross kwenda Sierra Leone kuchunguza mbu na malaria. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu mbung'o, na mwaka 1911 akatoa kingine cha kuwasaidia maafisa na madaktari kuwatambua mbung'o hao huko makoloni. Tangu 1927 hadi 1932 alikuwa mkuu wa idara ya wadudu ya jumba hilo. Alifariki mwaka 1938. Kwa kifupi, Austen alikuwa mtu wa dola. Utaalamu wake ulihitajika kwa sababu dola ilikuwa ikiwaogopa mbung'o, na vielelezo vya nzi kutoka sehemu nyingi za Afrika vilikuwa vikifika mezani pake vikiwa vimetobolewa sindano.

Tutazame mwaka huo wa 1903 upande wetu wa ziwa. Malale, ambayo Waganda waliiita mongota, ilikuwa imegunduliwa mwaka 1901 na ndugu wawili madaktari, Albert na Jack Cook, katika hospitali ya Mengo. Watu walikuwa wakifa Busoga na Buganda kwa idadi ambayo hata leo inatisha kuisoma. Makadirio ya vifo vya janga lile hutaja zaidi ya watu 200,000. Mwaka 1902 Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya London ilituma tume ya kwanza Entebbe, na mmoja wa watu wake, Aldo Castellani, aliona vijidudu vya tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka 1903 akaja David Bruce, ambaye tayari alikuwa ameonyesha kule Zululand kwamba mbung'o ndiye anayesambaza nagana ya ng'ombe.

Bruce alitaka kujua kama nzi na ugonjwa vinakaa mahali pamoja. Hilo halikuwa jambo la kufanywa na madaktari watatu wakiwa Entebbe. Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, alisaidia kupeleka agizo kwa machifu: kamateni nzi wanaouma, waletwe wakiwa na maelezo ya mahali walipokamatwa, na elezeni kama pana wagonjwa au hapana. Nzi wakaletwa. Wengine waliletwa na wamisionari na maafisa, lakini wengi walikusanywa na watu wa kawaida, wavuvi na watoto na watumishi wa machifu, waliojua kivu ni yupi na anapenda kukaa wapi. Ramani ikachorwa, na ikaonekana kuwa mahali penye mongota ndipo penye kivu, kwenye vichaka vya ufukoni mwa ziwa na visiwani. Nzi yule wakati ule alitambuliwa kwa jina la Glossina palpalis. Siku hizi huitwa Glossina fuscipes.

Napenda kusimama hapa kidogo, kwa kuwa vitabu vyetu hupita haraka. Ramani ile ni moja ya kazi za mwanzo za sayansi katika nchi yetu zilizofanywa na maelfu ya mikono ya Waafrika, na majina yao hayamo. Lakini kazi yao ilibaki. Mwanahistoria anayetafuta anaweza kuiona: barua ipo, agizo lipo, Katikiro anatajwa, jina la Kiganda la nzi limeandikwa katika ripoti za Kizungu. Utawala uliwahitaji watu hawa, kwa hiyo ulilazimika kuacha alama zao, hata kama hakukusudia kuwaheshimu. Kisha ukawahamisha. Gavana Hesketh Bell aliamuru watu waondoke ufukoni mwa ziwa, na baadaye visiwa vya Ssese navyo vikahamwa. Kuna wazee Kalangala ambao bado huhesabu ukoo wao kuanzia kurudi kule. Kwa hiyo kivu ana historia, na bei ya historia hiyo ilikuwa kubwa.

Sasa turudi kwa nzi-zimwi. Mwaka 1933 Meja H. B. Sharpe alipata nzi wa ajabu katika kilima cha Ukasi, na vielelezo vikaenda London. Mwaka 1936 Austen, aliyekuwa amekwisha kuacha ukuu wa idara na kukaribia miaka 70, alichapisha makala kuhusu mdudu huyo katika jarida la Shirika la Zoolojia la London. Makala ilikuwa fupi, kurasa zipatazo saba. Ndani yake alifanya jambo ambalo wataalamu wa wadudu hulifanya mara chache sana: kwa ajili ya mdudu mmoja hakuunda spishi mpya tu, wala jenasi mpya tu, bali familia nzima mpya. Mtu aliyetumia maisha yake kuwapanga mbung'o, familia yenye jenasi moja, alimalizia kwa kuunda familia nyingine yenye jenasi moja. Mbung'o wana spishi zaidi ya 20. Huyu yuko peke yake.

Kichwa cha makala ya Austen kinataja nzi asiye na mabawa kamili aliyepatikana "katika pango la Afrika Mashariki". Soma maneno hayo ukiwa Kampala au Nairobi, utaona umbali wake. Afrika Mashariki ni kubwa. Na pango lenyewe si pango, ni ufa katika jabali. Lakini kwa msomaji wa London mwaka 1936 maneno hayo yalitosha, kwa sababu hakuna aliyekusudia kurudi. Nzi huyu hakumwuma mtu wala ng'ombe. Hakuharibu pamba. Hakukuwa na gavana wa kumwandikia Waziri wa Makoloni juu yake, wala chifu wa kuagizwa alete wengine. Kilichohitajika ni jina la kilima, jina la aliyekusanya, na mwaka, kama ilivyo desturi ya karatasi ndogo zinazochomekwa chini ya mdudu kwenye sindano. Karatasi hizo ni ndogo kuliko stempu ya barua, na historia yote ya safari ya kwanza inaenea humo.

Wakamba waliokaa kuzunguka kilima kile hawamo katika maandishi hayo. Sisemi kwamba walimjua mdudu huyu na wakanyamazishwa; huo ungekuwa ubunifu, na baadhi yetu tumezoea mno kujaza mapengo ya ukoloni kwa hekima ya wenyeji hata pale ambapo hatuna ushahidi. Ninasema kitu kidogo zaidi. Entebbe mwaka 1903 watu waliulizwa, kwa sababu ya hofu. Ukasi mwaka 1933 hapakuwa na hofu, na swali halikuacha alama. Methali yetu inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nzi huyu alipewa jina la zimwi na watu wasiomjua, katika mji ambao hajawahi kumtisha mtoto hata mmoja.

Safari ya pili ilikuwa mwaka 1948, chini ya van Someren, jina linalojulikana sana kwa wanaosoma historia ya ndege na wadudu wa Kenya. Nzi walipatikana tena palepale. Mwaka 1950 F. I. van Emden aliandika makala ya kutafuta mahali pa nzi-zimwi katika mti wa familia za nzi. Van Emden mwenyewe alikuwa mkimbizi wa aina yake: alikuwa mtaalamu wa wadudu katika makumbusho ya Dresden, Ujerumani, akapoteza nafasi yake chini ya utawala wa Nazi na kuhamia Uingereza katika miaka ya 1930. Naona jambo hili lina maana, ingawa ni la pembeni. Mdudu asiye na jamaa, aliyetolewa kwao akapelekwa London, alitafutiwa jamaa zake na mtu aliyefukuzwa kwao akafika London vilevile.

Baada ya hapo pakawa kimya cha miaka 62.

Kimya hicho ndicho sehemu inayonivutia zaidi, na ndiyo ngumu zaidi kuiandika, kwa kuwa wanahistoria tumefunzwa kuandika yaliyotokea. Safari kadhaa zilifanywa kwenda Ukasi kumtafuta nzi huyu na zikarudi mikono mitupu. Familia ikaendelea kuwepo vitabuni, katika orodha za familia za nzi duniani, kila mwandishi akiihamisha kutoka tawi moja la mti kwenda jingine kwa kutazama vielelezo vilevile vilivyokauka. Wengine walimweka karibu na nzi wa mavi, wengine karibu na jamaa nyingine kabisa. Mjadala wote huo wa kitaalamu ulifanyika bila mtu kumwona mdudu akiwa hai.

Wakati huohuo, chini ya kilima, nchi ilikuwa ikibadilika. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya mwaka 1952. Uhuru ulikuja 1963, na pamoja nao vita vya Shifta vilivyoendelea hadi 1967 katika eneo la kaskazini mashariki, ambalo mlango wake mmoja ni barabara hiyo ya Garissa. Hata baada ya vita, barabara ile ilibaki kwa miaka mingi kuwa ya wasafiri waliotazama nyuma. Si nia yangu kudai kwamba siasa ndiyo iliyomficha nzi. Lakini mtu anayesoma orodha ya miaka katika makala za wadudu, 1933, 1948, 2010, ataona kwamba hakuna hata mwaka mmoja unaoangukia kati ya mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia na kizazi cha simu za mkononi isipokuwa huo wa 1948. Kenya yote tunayoisoma katika kozi zetu imo ndani ya pengo hilo.

Na ndani ya pengo hilo kulitokea jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililowezesha safari ya tatu. Thomas Odhiambo, Mkenya aliyesoma Makerere na baadaye Cambridge, alianzisha mwaka 1970 kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu mjini Nairobi, kinachojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, ICIPE. Tunapotaja Makerere ya miaka ya 1950 huwa tunawataja waandishi na wanasiasa. Odhiambo hatajwi sana, labda kwa sababu wadudu hawaimbwi katika sherehe za uhuru. Hoja yake ilikuwa ya kisiasa kama ya wenzake: kwamba Afrika haiwezi kuwa mahali pa kukusanyia wadudu tu, huku maswali juu ya wadudu hao yakiulizwa na kujibiwa kwingine. Sehemu kubwa ya kazi ya kituo hicho tangu mwanzo ilikuwa juu ya wadudu wenye hasara: mbung'o, kupe, mbu, viwavi wa mahindi. Kivu tena. Hofu ndiyo iliyolipia majengo na darubini. Lakini ukishajenga nyumba ya kuchunguza adui, unaweza pia kumpokea mgeni asiye na madhara.

Desemba 2010 kundi la watafiti lililoongozwa na Robert Copeland wa ICIPE na Ashley Kirk-Spriggs wa Makumbusho ya Taifa ya Bloemfontein, Afrika Kusini, lilipanda kilima cha Ukasi na kuwakuta nzi-zimwi. Hawakuwa wawili watatu, walikuwa wengi. Ukiwa mtu wa Ukambani, mwezi huo utakuambia kitu mara moja. Desemba ni mwisho wa mvua za vuli, mvua ambazo wakulima wa Kitui huzitegemea kuliko za masika. Mabuu wa nzi huhitaji unyevu. Mavi ya popo yakikauka ndani ya ufa wa jabali katika nchi kame kama ile, hakuna maisha ya kuonekana. Mtu anayekuja mwezi wa Agosti kwa sababu barabara ni nzuri na likizo za Ulaya zimeanza atapanda, atachungulia, ataondoka. Nimeisoma tarehe ya 2010 kama nisomavyo tarehe yoyote katika hifadhi ya nyaraka, na ninaona kwamba kujua majira ya mahali ni sehemu ya ushahidi.

Mwaka 2011 zilichapishwa makala mbili ndefu, safari hii katika jarida la Afrika Kusini. Moja ilieleza umbo la mdudu kwa undani ambao Austen asingeweza, kwa kuwa alikuwa na vielelezo vichache na darubini ya zama zake. Nyingine ilieleza maisha yake kilimani na tofauti za vinasaba kati ya nzi mmoja na mwingine wa jabali lile. Kisha mwaka 2022 utafiti mkubwa wa vinasaba ulimpatia nzi-zimwi jamaa: yumo katika kundi la Ephydroidea, lile lenye Drosophila, nzi mdogo anayezunguka ndizi mbivu jikoni na ambaye amewapa wanasayansi zawadi kadhaa za Nobel. Mdudu aliyewatatiza wataalamu tangu 1936 ni binamu wa mbali wa mdudu aliyechunguzwa kuliko karibu wadudu wote duniani. Swali la van Emden lilipata jibu baada ya miaka 72, na jibu hilo lisingepatikana katika vielelezo vya London pekee. Ilibidi mtu arudi kwenye jabali.

Mwaka 2010 una mambo mengine mawili ambayo hayakuandikwa na wataalamu wa wadudu lakini yanamhusu. Agosti ya mwaka huo Kenya ilipata katiba mpya, na kifungu chake cha 69 kinaiwajibisha serikali kulinda rasilimali za vinasaba na uanuwai wa viumbe. Oktoba, mjini Nagoya nchini Japani, ilipitishwa itifaki ya kimataifa kuhusu namna ya kufikia rasilimali hizo na kugawana faida zake. Kwa hiyo nzi aliyetoka Ukasi mwaka 1933 kwa karatasi ndogo ya sindano, alipoonekana tena mwaka 2010, alionekana katika nchi iliyokuwa imeandika, angalau kwenye karatasi kubwa zaidi, kwamba yeye ni mali ya umma. Vielelezo vya Austen bado viko London. Sidhani kwamba kuvirudisha ndilo jambo la kwanza la kudai. Sanduku la wadudu waliokauka linahitaji chumba kikavu na mtu wa kulitunza, na London inaweza kulitunza. Jambo la kwanza ni jabali lenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu ya yaliyotokea kwetu. Mwaka 2007 wachimba migodi waliugua homa ya Marburg katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, mgodi uliokuwa na maelfu ya popo. Baada ya hapo popo wa Kitaka waliangamizwa. Hofu ile naielewa. Watu walikuwa wamekufa. Lakini mwaka 2012 Marburg ililipuka tena katika wilaya ya Ibanda, karibu na hapo, na wanasayansi walipourudia mgodi walikuta popo wamerejea, na kiwango cha maambukizi miongoni mwao kilikuwa juu kuliko cha awali. Kuua popo hakukuwalinda watu. Popo wa Kitaka si wa aina moja na wale wa Ukasi, na sitaki kuchanganya mambo. Ninalolinganisha ni watu. Tangu Ebola ya Afrika Magharibi ya 2014, na zaidi tangu UVIKO-19, popo amekuwa na jina baya kila mahali, na kijana mwenye moshi wa matairi na nia njema anaweza kuwafukuza popo wa ufa mmoja kwa mchana mmoja.

Popo wa Ukasi wakiondoka, mavi yataacha kuanguka. Mavi yakiacha kuanguka, mabuu hawatakuwa na chakula, na mvua ya vuli itakuja na kuosha mwamba mtupu. Mdudu asiyeweza kuruka hawezi kuhama kwa nguvu zake.

Tunapozungumzia kutoweka kwa viumbe tumezoea kuhesabu spishi, na faru ndiye mfano wetu wa kila siku. Faru mweupe wa kaskazini wamebaki wawili, wote majike, na wana walinzi usiku na mchana huko Laikipia. Hata wakitoweka, familia ya faru itabaki na spishi nyingine. Jabali la Ukasi lina familia ambayo kwa miaka 77 haikujulikana kwingine kokote, na kundi hilo la viumbe limekuwa na njia yake lenyewe kwa mamilioni ya miaka kabla ya kuwepo Mkamba, Mganda au Mwingereza. Halina mlinzi. Na pengine mlinzi mwenye bunduki si anayehitajika. Anayehitajika ni mwalimu wa shule ya msingi ya karibu, anayeweza kuwaambia watoto walio chini ya kilima kwamba ndani ya ufa ule mna nini, na kwa nini wasiwashe moto pale.

Mwenzangu wa semina, baada ya kusoma rasimu ya insha hii, aliniuliza swali jingine: nzi huyu anaitwaje kwa Kikamba? Katika makala zote nilizozitaja, tangu 1936 hadi 2022, hakuna neno la Kikamba kwa ajili yake. Mwaka 1903 Bruce alihitaji wiki chache tu kulipata neno kivu.